Chenga ya Chumvi

Asubuhi mama alipopelekwa hospitali, siagi ilikuwa imefungwa katika jani la mgomba na kuwekwa juu ya kifuniko cha mtungi wa maji. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeisogeza nipate kuchota maji ya uji. Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeamka kama kawaida, nimefagia uwanja, nimewafungulia kuku na kuwasha moto. Mama alikuwa amekwenda mtoni. Aliporudi alitua ndoo mlangoni, kisha akakaa chini kando yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Atupele," alisema, "niitie baba yako."

Baba alikuwa zizini akikamua. Alikuja akikimbia. Yeye na majirani walimbeba mama kwa machela hadi barabara ya Tukuyu, wakasimamisha lori la majani ya chai. Mdogo wangu Lusungu, ambaye alikuwa hajafikia umri wa kuanza shule, alilifuata lile lori mpaka likapotea katika ukungu. Nilimrudisha nyumbani nimembeba mgongoni. Mama alikuwa na homa ya mapafu. Hakurudi kijijini kwetu Lupepo akiwa hai.

Wakati wa msiba, mmoja wa wanawake waliokuja kutupikia aliikuta ile siagi. Aliiyeyusha, akaitia kwenye maharage ya wageni.

Sina budi kueleza chenga ni nini, maana watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria mchele uliovunjika wa kutoka Kyela. Mama alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa bibi mmoja mmisionari. Huko alijifunza kuchanganya unga na siagi mpaka unga ukawa punjepunje, kisha kuzimwaga punje hizo juu ya matunda na kuoka. Bibi yule alikuwa na jina lake la chakula hicho, lakini mama alisema lilikuwa likimkwama kooni, kwa hiyo aliamua kukiita chenga. Kwetu hakukuwa na jiko la kuokea mikate. Mama alitumia sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Kulikuwa na chenga ya sukari, ambayo ilipikwa juu ya ndizi mbivu. Na kulikuwa na chenga ya chumvi. Hii ilikuwa na unga wa mahindi, unga kidogo wa ngano, siagi, karanga zilizopondwa na chumvi, na chini yake mama aliweka maboga na maharage. Lusungu hakupenda maharage tangu alipoachishwa ziwa. Ukimpa kwenye sahani, aliyatoa moja moja kinywani na kuyapanga ukingoni kama shanga. Lakini yakiwa chini ya chenga, aliyala yote na kuomba mengine. Mama alikuwa akicheka.

"Baba Atupele, umeona?" alikuwa akimwambia baba. "Chenga imempiga chenga."

Baada ya mazishi, Lusungu aliacha kula. Hakulia, hakusumbua, hakula tu. Nikipika mbalaga, zile ndizi zetu za kila siku, alikula vipande viwili akaenda kukaa mlangoni. Maharage hakuyagusa. Maziwa aliyanywa kidogo, akayaacha mpaka yakaganda. Baada ya muda miguu yake ikaanza kuvimba na nywele zake zikawa na rangi ya majani makavu. Siku ya mzani tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akambonyeza mguu kwa kidole, na pale alipobonyeza pakabaki shimo.

"Anakula nini huyu?" aliuliza.

"Ndizi," nilijibu.

"Na nini?"

"Ndizi tu."

"Ndizi zinajaza tumbo, dada, lakini peke yake hazijengi mwili. Mpe maharage. Mpe karanga na maziwa. Mwezi ujao nikimkuta hivi, nitamwandikia kulazwa."

Bibi yetu mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Matwebe kutujulia hali. Jioni ile alisema na baba mbele yetu, bila kuzungusha maneno.

"Asajile, wewe una shamba lako, una shamba la kijiji, una ng'ombe, una vikao. Huyu mkubwa ana shule. Nani anamtazama huyu mdogo?"

"Tunamtazama, mama."

"Mnamtazama akikonda." Bibi alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani. "Siku ya mzani ikikaribia nitakuja. Kama bado hali chakula, nitamchukua akae kwangu. Sisemi kwa ubaya."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshampoteza mama. Nilimtazama Lusungu pale mlangoni, nikaona kwamba nitampoteza na yeye, na kwamba kitu pekee duniani ambacho angekila kilikuwa chakula ambacho sikuwahi kufundishwa kukipika.

Nilidhani ni kazi rahisi. Nilikuwa nimemwona mama akipika chenga tangu nikiwa mdogo kuliko Lusungu. Lakini kuona ni kuona tu. Wakati mama akipika, mimi nilikuwa nikitafuta daftari, nikifukuza kuku, nikichelewa shule.

Siku ya kwanza nilipika jioni, baada ya kutoka shule. Tulikuwa tumeshinda kwenye shamba la shule tukipalilia mahindi, na mikono yangu ilikuwa ikiwaka kwa mpini wa jembe. Nilikaa karibu na moto kwa sababu ilikuwa miezi ya baridi. Siagi ilikuwa ngumu, nikaiweka kwenye kikaango, ikayeyuka vizuri. Kila mtu ninayemjua huanza kupika kwa kuyeyusha mafuta. Niliimwaga kwenye unga.

Lusungu alisikia bakuli likigonga jiwe la kusagia. Aliinuka mlangoni akaja kusimama mbele yangu. Aliinua uso, akanielekezea shavu moja, kama mtoto anayesubiri kupanguswa.

"Unataka nini?" nilimwuliza.

Alibaki vilevile na shavu lake.

"Basi sogea, unanikinga mwanga."

Alirudi mlangoni.

Unga haukuwa punjepunje. Ulikuwa donge moja, linang'aa. Nililikatakata kwa kisu, nikatandaza vipande juu ya maharage, nikaweka sufuria motoni, nikafunika. Chini kukaungua na juu kukabaki kama uji. Baba alikuja akatazama.

"Mama yenu alikuwa akiweka makaa juu pia," alisema. "Mengi juu, machache chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchagulia makaa ya mkaratusi."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Hukuniuliza."

Nilihamisha makaa. Kilichotoka humo kilikuwa kigumu. Lusungu alikiweka kinywani, akakitoa, akakilaza kwenye ukingo wa sahani. Kesho yake nilimpelekea kipande rafiki yangu Mwanajuma, ambaye tulikaa naye dawati moja. Alikigonga kwenye dawati mara mbili akisikiliza.

"Atupele, hiki usikile," alisema. "Kipeleke kwenye ujenzi wa darasa. Tumepungukiwa tofali."

Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilijaribu kucheka, lakini sikuweza.

Mwanajuma alikuwa binti wa Fikirini, fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza karibu na duka la kijiji. Wazazi wa Fikirini walitoka pwani zamani. Mke wake, Bi Biubwa, alikuwa mpishi wa visheti ambavyo watu walivifuata hata kutoka Kiwira. Mwanajuma alipoona sikucheka, alinishika mkono baada ya masomo.

"Twende kwa mama," alisema. "Unga na mafuta ndiyo kazi yake."

Tulimkuta Bi Biubwa akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Mdogo wako anaendeleaje?"

Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Ulikosea kipimo," alisema. "Mafuta yalizidi. Na hukuyachemsha. Siri ya unga ni samli ya moto. Iteleke mpaka itoe harufu, imwage juu ya unga inachemka, uchanganye upesi kwa mwiko, kisha kwa viganja. Halafu ufumbate hivi. Ukishikana mkononi, unga wako umekubali."

Alinipa na samli kidogo katika kikombe. Nilirudi nyumbani nikiwa na matumaini makubwa. Mwaka ule unga wa ngano ulikuwa wa kupangiwa foleni, na mahindi yaliyoletwa dukani yalikuwa ya njano, ambayo wazee waliyanung'unikia. Baba alikuwa amesimama foleni tangu alfajiri kupata kopo letu moja la unga wa ngano. Nilipima nusu yake.

Nilifanya kila kitu kama nilivyoambiwa. Samli ikachemka. Unga ukapiga kelele ulipomwagiwa. Nikafumbata, ukashikana, nikafurahi. Lusungu akaja tena akasimama mbele yangu, uso juu, shavu mbele.

"Subiri huko," nilimwambia. "Leo utakula."

Lakini chenga hazikuwa chenga. Nilipozimwaga juu ya maboga zilikaa pamoja, mabonge kwa mabonge, na zilipoiva zilikuwa zimeshikana kama kashata. Mwanajuma, ambaye alinisindikiza ili aone, alionja.

"Tamu," alisema. Akaonja tena. "Tamu kweli. Hii ni kisheti kilichokaa juu ya boga."

"Lakini si chenga."

"Mimi sijui chenga. Mimi najua nimeshiba."

Alikula karibu nusu ya sufuria. Lusungu alilamba chumvi ya juu akaacha.

Nilirudi kwa Bi Biubwa. Akashangaa. Alinihakikishia kwamba hivyo ndivyo unga unavyotakiwa kuwa. Alinifanya nifumbate tena mbele yake, nao ukashikana tena, naye akaniambia kwamba mkono wangu ni mzuri. Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimefanya sawa na bado nilikuwa nimeshindwa. Ni afadhali kukosea, maana ukikosea unajua pa kurekebisha.

Siku zile nilikuwa mtu wa kununa. Mwalimu alinishika nimelala kwenye somo la siasa, akanitoa nje. Nilijibizana na baba kuhusu kuni. Nilimfukuza jogoo kwa mwiko mpaka kwa jirani. Nikilala nilikuwa naona vidole vya mama ndani ya bakuli, vikiinua unga na kuuachia, vikiinua na kuuachia, na kila nikitaka kusogea karibu nione vizuri, nilikuwa naamka.

Bibi alituma habari kwamba angefika Jumamosi asubuhi. Siku ya mzani ilikuwa Jumatatu.

Ijumaa tulikuwa shamba la kijiji mchana kutwa. Niliporudi nilipiga karanga kwenye kinu mpaka jasho likanitoka. Unga wa ngano uliobaki ulikuwa wa mara mbili tu, nao wa kukwangua. Niliwasha moto mkubwa ili makaa yasipungue. Sikuyeyusha siagi safari hii, kwa kuwa nilikumbuka kwamba mama aliikata vipande kwa kisu. Nikafurahi kukumbuka hilo. Lakini mikono yangu ilikuwa ya moto kutokana na kinu, na nilikaa kando ya mafiga, na kila nilipoisugua siagi ndani ya unga iliyeyuka ikawa mafuta kwenye vidole. Nikaongeza unga wa mahindi. Ukanata. Nikaongeza tena. Ukawa donge la njano, zito, baya kuliko yote.

Ndipo Lusungu akaja. Akapita kati yangu na moto, akainua uso wake, akaleta shavu.

"Toka!" nilimwambia. Nilimsukuma kwa kiwiko. "Kila siku unakuja kusimama hapa kama mlingoti. Huli, husemi, husaidii. Nenda zako Matwebe basi. Nenda ukaishi huko."

Hakulia. Alinitazama kidogo, akaenda chumbani. Nilimwaga lile donge kwa kuku, na hata wao walilizunguka kwanza.

Baadaye nilipoingia chumbani nilimkuta amelala. Kando yake kulikuwa na khanga ya mama imetandikwa chini, na juu yake gauni lake yeye la kanisani, na kikombe chake cha bati. Alikuwa amejaribu kufunga mzigo, lakini hakuwa akijua kufunga fundo.

Asubuhi niliamka kabla ya wote nikaenda mtoni. Njia ilikuwa na utelezi na ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba. Maji ya mto wetu yanatoka juu mlimani, na katika miezi ile yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma mifupa. Nilijaza ndoo. Niliosha uso mara kadhaa, kwa sababu sikutaka Bibi aone kwamba nililia.

Nilipofika nyumbani sikwenda kuota moto. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kumwamsha Lusungu, nimvalishe kabla Bibi hajafika, na nimwombe radhi. Nilipiga magoti, nikamgusa shavu.

Aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Baridi!" alisema. Kisha akafumbua macho, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubana shavuni pake akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu siku ya lori.

"Sasa iko tayari," alisema.

"Ni nini kiko tayari?"

"Mikono. Mama husema hivyo. Nikisema baridi, anasema sasa mikono iko tayari, tupike."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilimwona mama akiingia kutoka mtoni, anapita pembeni ya moto bila kusimama, anamgusa Lusungu shavu, Lusungu anapiga kelele, wote wanacheka. Nilikuwa nimeona jambo hilo kila Jumamosi tangu Lusungu azaliwe, nikidhani ni mchezo wa mama na mtoto wake wa mwisho. Nilikumbuka siagi iliyowekwa juu ya mtungi wa maji badala ya kuwekwa rafuni pamoja na mafuta mengine. Siagi ilitakiwa kubaki na baridi, na mikono pia, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Lusungu," nilimwuliza, "na baada ya hapo mama hufanya nini?"

"Anakaa mlangoni. Sio kwa moto." Alikuwa ameshasimama, ananivuta. "Njoo, itapata joto."

Tulikaa mlangoni, upepo ukitupiga. Nilikata siagi vipande vidogo, nikaviangusha katika unga uliobaki. Lusungu alichuchumaa mbele yangu akinisimamia kama mkaguzi wa shule.

"Sio na kiganja," alisema. "Na hizi." Alinionyesha ncha za vidole vyake.

Nilisugua kwa ncha za vidole, nikainua, nikaachia. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha nikaanza kuzihisi kabla sijaziona, punje ndogo, kavu, zinapita katikati ya vidole. Vidole vyangu vilipoanza kupata joto, Lusungu alisukuma bakuli la maji ya mtoni mbele yangu bila kuambiwa. Nilivichovya, nikavikausha, nikaendelea. Nikatia karanga na chumvi. Nilipoinua unga na kuuachia, ulianguka kama mchele uliovunjika. Ulikuwa chenga.

Baba alitoka zizini, akaona tulivyokaa. Hakuuliza. Alikwenda kuchagua makaa.

Bibi alifika chenga ikiwa bado motoni. Alikuwa na kikapu kitupu cha kubebea nguo za Lusungu. Nilimwamkia kwa magoti, akaitikia, akasimama akinusa hewa.

"Hii harufu," alisema. Hakumalizia.

Tulikula nje. Nilikiondoa kifuniko. Juu kulikuwa na rangi ya dhahabu iliyoungua kidogo upande mmoja. Nilimwekea Lusungu kwanza. Alikula chenga, akala boga, akala maharage. Sisi watatu tulishika vijiko vyetu tukimtazama, hakuna aliyekula. Alipomaliza aliisukuma sahani mbele.

"Ongeza," alisema.

Baba aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo.

Nilimsimulia Bibi jinsi nilivyohangaika: jioni ile ya kwanza, samli ya Bi Biubwa, tofali la Mwanajuma, na maneno mabaya niliyomwambia Lusungu. Nilidhani angenigombeza kwa hayo ya mwisho. Alikula polepole mpaka akamaliza.

"Uliuliza mjuzi wa visheti, akakufundisha visheti," alisema. "Huyo hana kosa, alikupa alichokuwa nacho, mwambie ndaga, mshukuru. Lakini huyu hapa alikuja akasimama mbele yako siku zote hizo. Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza anataka nini, Bibi. Hakujibu."

"Alikujibu kwa shavu."

"Bibi, yeye ni mtoto," nilisema. "Ningejuaje kwamba anajua?"

"Ni mtoto, ndiyo. Lakini alikuwepo." Bibi alikusanya chenga zilizodondoka mkekani, moja moja, akazitia kiganjani. "Sikiliza, Atupele. Mtu akifa, kazi yake haiendi naye yote kaburini. Anaiacha imekatikakatika. Baba yako alikuwa na kipande, cha makaa. Wewe ulikuwa na kipande, cha kukata siagi. Huyu alikuwa na kipande, na ndicho kilichokuwa kikubwa. Ukitaka kazi isimame tena, usiharakishe kukasirika. Zunguka, uulize kila mtu, na mdogo umwulize pia. Tena mwulize ukiwa umekaa, umtazame usoni, si ukiwa umempa kiwiko."

"Nimesikia, Bibi."

"Na wewe Asajile," alimwambia baba aliyekuwa amerudi, "umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Jumatatu tulikwenda zahanati wote wanne. Mzani haukupanda sana, maana mtoto hanenepi kwa siku mbili. Lakini muuguzi alipouliza anakula nini, Lusungu alijibu mwenyewe: maharage, boga, karanga, na chenga. Muuguzi aliuliza chenga ni nini. Lusungu alimwomba ainame, akamgusa shavu. Muuguzi alicheka akasema mikono hiyo si ya baridi. Lusungu akamwambia ndiyo maana leo hapiki.

Muuguzi alituambia turudi mwezi ujao, na hakuandika habari ya kulazwa. Bibi alirudi Matwebe na kikapu chake. Ndani yake kulikuwa na ndizi na sahani ya chenga iliyofunikwa kwa jani. Mwezi uliofuata mzani ulipanda, na shimo la mguuni halikuonekana tena.

Bi Biubwa nilimpelekea chenga ya sukari. Aliifumbata kwanza, ikamvunjikia mkononi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akaonja, akaniambia nikae, nimweleze tangu mwanzo.

Baba hayupo tena, wala Bibi. Siku hizi maji ya bomba yako uani kwetu. Tukitaka kupika chenga, mimi na Lusungu bado tunateremka mtoni.